Nyumba ya Thirza Ilivyonyooshwa

Thirza Smy aliipata nyumba yake kwa kumtoa nguruwe jike mwenye mimba. Mwenye nyumba alikuwa mkulima aliyemiliki ardhi nyingi kuliko alivyoweza kuitunza. Alikuwa amechoka na wapangaji wanaolalamikia panya, akaona nguruwe anayekaribia kuzaa ni mali kuliko nyumba iliyolala upande. Thirza alimwacha aone hivyo. Aliizunguka nyumba, akaipiga nguzo ya pembeni kwa ngumi, akasikiliza jinsi mwaloni ulivyomjibu kwa sauti kavu, kisha akakunja uso kama mtu anayeonewa.

"Sawa," akasema. "Lakini na ule mtufaha wa nyuma uwe wangu."

Wakapeana mikono. Kijiji kizima cha Thorpe Marling kilicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mumewe, Alf, aliyekuwa akiendesha plau ya farasi kwenye shamba la yuleyule mkulima. Alicheka mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka, alipolala humo na kukuta joto kama la kwapani.

Nyumba ilikuwa kwenye kona, pale barabara inapopinda kuelekea kanisani. Kiunzi chake chote kilikuwa cha mwaloni: nguzo, boriti, mitambaapanya ya juu ya kuta, makombamoyo ya paa, vyote vimeingizwa ndimi kwenye matundu na kukazwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Kati ya nguzo na nguzo kulikuwa na fito na udongo uliokandikwa, na juu ya udongo chokaa ya rangi ya waridi. Paa lilikuwa la mabua ya ngano, nene kuliko urefu wa mkono, limeshuka hadi kwenye madirisha ya juu kama kofia ya mtu anayepita karibu na kwa mkwewe. Ghorofa ilichomoza kidogo juu ya barabara. Na yote, toka chini mpaka juu, iliegemea upande wa mashariki, alikokaa jirani yake Olive Thurkettle. Watu walisema nyumba imezoea kusikiliza umbea wa Olive. Olive alisema ni Thirza anayeisukuma kutoka ndani.

Kuishi katika nyumba ya namna hiyo kunataka makubaliano. Alf alichukua msumeno akakata miguu miwili ya kitanda, kitanda kikakaa sawa. Akakata miguu ya kabati la sahani, sahani zikatulia. Saa kubwa ya sakafuni aliitia kabari chini mpaka ikaacha kusimama kila baada ya chakula. Kiti kimoja tu hakukikata, kwa sababu kilikuwa cha mama mkwe wake na alitaka wageni fulani wasikae sana.

Kilichobaki ni sakafu ya chumba cha juu, ambayo hakuna msumeno ungeweza kuifanya kitu. Ilishuka kutoka mlangoni hadi kwenye kona ya nguzo ya mashariki. Kitu chochote kilichoanguka chumbani humo, kama kina mviringo hata kidogo, kilianza safari. Vifungo, karanga, kibiringo cha uzi, subana ya shaba ya Thirza ya kuzuia sindano isimdunge kidole, vyote viliviringika vikaenda kugonga nguzo, tok, vikakaa pale vikisubiri. Kila Jumamosi Thirza alipiga magoti kwenye kona ile akavuna vya wiki nzima.

"Nyumba yangu inajipekua yenyewe," alikuwa akisema. "Ya kwako je, Olive? Si unatafuta miwani mpaka leo?"

Alf alipougua ugonjwa wake wa mwisho, daktari alimwachia vidonge. Alf hakupenda vidonge. Thirza akigeuka, Alf anakiachia kimoja kidondoke upande wa ukuta, kisha anameza maji kwa sauti. Jumamosi ilipofika Thirza alivikuta vidonge vyote vimejipanga chini ya nguzo kama watoto waliochelewa shule.

"Alf wee!" akamwita. "Nyumba imesema."

"Mmbea hiyo nyumba," Alf akajibu kutoka kitandani. "Imeharibiwa na Olive."

Wakacheka wote wawili, na vidonge akavimeza. Havikusaidia, lakini alivimeza. Alizikwa miaka michache baada ya vita, na Thirza akabaki na nyumba, mtufaha, na kundi la mabata bukini aliowafuga kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba.

Kisha yakaja malori. Yalipita kila msimu wa baridi yakipeleka viazisukari kwenye kiwanda cha sukari, na kila mwaka yalizidi ukubwa huku barabara ikibaki ileile. La kwanza lilikwangua chokaa. La pili lilivunja kona ya ghorofa. La tatu liliingiza taa yake ya mbele sebuleni Thirza akinywa chai, naye akamwambia dereva kwamba kwake wageni hubisha hodi.

Mwezi ule ule akaja Bwana Inskip kutoka ofisi ya barabara ya wilaya. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu, na mafua yasiyokwisha. Thirza alimkaribisha vizuri sana na kumkalisha kwenye kile kiti ambacho Alf hakukikata miguu.

"Mama Smy," Bwana Inskip alianza, huku akiteleza taratibu kuelekea ukutani, "barabara hii lazima ipanuliwe. Nyumba haina budi kubomolewa." Akajivuta nyuma. "Lakini hutaachwa hivihivi. Halmashauri inajenga nyumba mpya karibu na uwanja wa mpira. Choo ndani. Bafu. Maji ya moto yanatoka ukutani." Akateleza tena.

"Mnataka ardhi au mnataka nyumba?" Thirza aliuliza.

"Samahani?"

"Barabara itapita juu ya udongo au juu ya boriti zangu?"

"Juu ya... ardhi, bila shaka."

"Basi nyumba hamna kazi nayo. Nipeni mimi."

Bwana Inskip alishika meza ili asiendelee kuteleza. "Mama, nyumba haichukuliki."

"Hilo niachie mimi. Wewe niandikie kwamba nguzo, mbao, fito, mabua, hadi kigingi cha mwisho ni vyangu, na nitaviondoa kabla mashine zenu hazijafika. Na ile nyumba mpya yenye choo niwekee mpaka sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa mwezi wa tisa. Siku hiyo nitakupa jibu."

"Unataka vyote viwili?"

"Nataka kuchagua. Chukua keki, Bwana Inskip. Ya mayai ya bata."

Mtu anayeteleza kwenye kiti habishani kwa muda mrefu. Aliandika.

Olive aliposikia alivuka barabara akiwa na mikono yenye unga. Yeye alipanga nusu ya nyumba ya matofali karibu na bwawa, na ukuta wake mmoja ulitoa jasho mwaka mzima.

"Shoga, una wazimu? Choo ndani! Mimi kila usiku navaa buti na koti la marehemu mume wangu kwenda kukojoa, na wewe unapewa choo ndani unalilia fito na mavi ya ng'ombe!"

"Sililii. Natafuta bei nzuri."

"Bei ya nini? Utaibeba mgongoni?"

"Nitaibeba hadi shamba la mabata. Si mbali."

"Maskini Alf," Olive akasema, akitazama juu. "Angalau yeye amepumzika."

Mtu aliyehitajika ni Percy Kerridge, seremala wa kijiji, aliyetengeneza milango, magari ya kukokotwa na majeneza, na aliyetembea na pimamaji la kupimia usawa mfukoni kama wengine wanavyotembea na tumbaku. Percy alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Kanisani alikaa nyuma ili asiione picha iliyoning'inia upande karibu na madhabahu. Katika miaka yote aliyomjua Thirza hakuwahi kupanda ghorofani kwake. Alisema kunamtia kichefuchefu.

Alikuja, akachokoa udongo kwenye viungo kwa ncha ya patasi. Kisha akamwita Thirza.

"Njoo uone. Unaiona alama hii? Na hii hapa kwenye boriti, inafanana nayo. Kila kiungo kina alama yake. Waliichonga nyumba hii uwanjani kwa fundi, wakaitia alama, wakaifungua, wakaileta kwa mkokoteni, wakaisimamisha hapa. Hii nyumba ni kama kitanda, Thirza. Inafunguliwa."

"Sasa kwa nini unanong'ona?"

"Sijui," Percy akasema, akavaa kofia yake. "Nitakufanyia. Utanilisha mchana, na Krismasi nataka bata."

"Mchana nakulisha. Bata tutazungumza."

Waliifungua mwezi wa tano. Kwanza walishusha mabua. Ya juu yalikuwa ya kijivu, ya katikati rangi ya asali, na ya chini kabisa, yaliyogusa makombamoyo, yalikuwa meusi tititi kwa masizi ya enzi ambayo moto uliwashwa katikati ya chumba na moshi ukajitafutia njia. Waliofanya kazi hiyo walishuka wakiwa hawatambulikani na wake zao. Mwezekaji Ted Borrett alitaka kuyachoma. Thirza alimzuia, akayagawa kwa wenye bustani za maua kama mbolea, na kila aliyechukua alilipa kwa siku ya kubeba mbao. Hivyo ndivyo alivyopata wabebaji.

Karibu na bomba la moshi, ndani ya ukuta, walikuta kiatu kimoja cha mtoto, kigumu kama gome, kilichofichwa humo na watu wa kale ili kuzuia mikosi. Olive alitaka kukitupa jalalani. Percy alikiweka juu ya kabati la zana, na nyumba iliposimama tena kikarudishwa ukutani pale pale bila mtu kutoa hotuba.

Siku ya kusimamisha kiunzi kijiji kilifika kizima, hata waliokuja kuona kikianguka. Bwana Inskip naye alikuja, Jumamosi, siku isiyo ya kazi, amevaa buti za kuazima na mafua yake yaleyale. Thirza alimtazama, akampa kamba ashike. Pande zikainuliwa, ndimi zikatafuta matundu yake, Percy akiita alama kwa sauti kama mwalimu anayesoma majina, na kila kigingi kilipoingia ulisikika mlio uleule mkavu. Kisha Percy akapata tundu lisilo na mwenyewe.

"Hapa palikuwa na mbao ya mshazari," akasema, akilitia kidole. "Tegemeo. Kuna mtu mwenye kiherehere aliikata zamani ili apitishe mlango. Ndiyo maana ilikuwa inalala! Nyumba haikuzaliwa hivi. Ilivunjwa nyonga."

Akachonga tegemeo jipya, akalitia mahali pake, akashusha timazi. Uzi ukaning'inia sambamba na nguzo kama umechorwa. Percy Kerridge akaitazama nyumba ile iliyosimama wima katikati ya mabata, ikiwa bado mifupa mitupu na tawi bichi limefungwa juu kabisa kama ilivyo desturi ya mafundi, macho yake yakajaa maji. Watu walidhani ni bia.

Thirza naye alifurahi, siku hiyo. Aliwakatia jibini na mkate, akawahesabia waliofanya kazi na waliojifanya. Majira ya joto yalikwisha kwa kukandika: udongo, mabua yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, vyote vikikanyagwa kwa miguu, Bwana Inskip akiwa amekunja suruali na kusahau kabisa kupenga kamasi. Ted Borrett aliezeka, akauliza anataka ndege gani wa mabua juu ya paa, kwa kuwa kila mwezekaji huweka wake. Thirza akamwambia weka bata bukini, na umgeuze mdomo kwa Olive.

Mapema mwezi wa tisa akahamia.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kitanda kilipowekwa chumbani kilisimama kama farasi anayepanda kilima. Kabati la sahani lilimwaga sahani mbili kabla halijaachwa mkono. Saa ilipiga mara nne ikafa. Kila kitu ambacho Alf alikuwa amekikata kwa uvumilivu kikae sawa katika nyumba iliyopinda, sasa kilikaa upande katika nyumba iliyonyooka. Kitu pekee kilichotulia ni kile kiti cha mama mkwe.

"Nitakuwekea vipande chini ya miguu," Percy akasema. "Kazi ya asubuhi moja."

"Hiyo miguu aliikata Alf."

"Najua aliikata Alf. Aliikata vibaya."

"Aliikata sawasawa, Percy. Nyumba ndiyo uliyoibadilisha wewe."

Percy alidhani anatania. Hakuwa anatania. Miguu ya Thirza yenyewe ilikuwa imezoea. Alipotoka kitandani mwili ulijiegemeza upande wa pili kungoja mteremko ambao haukuwepo, akajigonga ukutani. Kwenye ngazi aliinua mguu kutafuta kidato kilichokuwa juu kuliko vingine, akakanyaga hewa. Olive alimwona akivuka chumba, akamwambia anatembea kama baharia aliyefukuzwa melini. Usiku alilala akiwa amejikaza kama mgeni aliyepewa chumba na watu asiowajua vizuri.

Kisha akapoteza subana. Alikuwa anashona mto karibu na dirisha, ikamtoka kidoleni, akaisikia ikianguka. Hakuinuka. Aliendelea kushona akingoja, na mkono mwingine ukiwa tayari umeelekea kwenye kona. Hakusikia tok. Alipiga magoti kwenye nguzo ya mashariki, akapapasa. Hapakuwa na kitu. Akapapasa chini ya kitanda, chini ya kabati, akainua zulia. Subana ilikuwa imeanguka mahali fulani na kukaa pale pale ilipoanguka, kama vitu vinavyofanya kwenye nyumba za watu wengine. Akakaa chini sakafuni. Hakulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia kwa subana, lakini hakuinuka upesi.

Kesho yake alikwenda kwenye uwanja wa mpira kutazama nyumba mpya. Kuta zilikuwa nyeupe, madirisha yalifunga vizuri, na vyumba havikuwa na harufu ya mtu yeyote. Akafungua bomba la bafuni. Maji yakatoka ya moto, hivihivi, bila kuni. Aliyaacha yamtiririkie vidole, ambavyo viliuma asubuhi tangu miaka miwili iliyopita. Akawaza kwa haki, kama anavyowaza mtu aliye sokoni: hapa nitakuwa mgeni mwenye joto, kule nitakuwa mgeni mwenye mabata. Sikukuu ya Mikaeli ilikuwa imebakiza wiki mbili, na hakujua achague ipi.

Akarudi, akamwita Percy.

"Ng'oa mbao za sakafu ya chumbani."

"Kuna nini? Zimepinda?"

"Hazijapinda. Ndiyo shida yenyewe. Ziwekee kabari chini, toka mlangoni ishuke mpaka kwenye nguzo ya mashariki. Kama ilivyokuwa."

Percy alimtazama kana kwamba amemwomba amchongee jeneza la mbwa. "Thirza. Bibi wewe. Nimeshika patasi tangu sijaota ndevu. Sijawahi hata siku moja kujenga kitu upande kwa makusudi."

"Basi utaanza."

"Nyumba imengoja tangu enzi za babu wa babu zetu mtu airudishie nyonga yake! Nimeirudisha! Fundi aliyeichonga akifufuka leo atanishika mkono!"

"Akifufuka atalala kwako. Mimi ndiye ninayelala hapa." Thirza alikaa kwenye kiti cha mama mkwe, kiti pekee kisichoteleza. "Sikiliza. Sikushtaki kwa kazi yako. Kazi ni nzuri, hata kipofu anaona. Lakini katika nyumba yangu kitu hakipotei, na sasa kimepotea. Nimeishi humo na Alf, nikajua kila kitu kinakwenda wapi. Ukinipa nyumba nisiyojua vitu vinakwenda wapi, hiyo ni ya halmashauri, na ya halmashauri ina maji ya moto."

"Unanitisha."

"Nakwambia. Mikaeli ikifika nikienda kule, utabaki na nyumba iliyonyooka isiyo na mtu. Utakuwa unakuja Jumapili kuiwekea timazi."

Percy alivuta pumzi, akatoa pimamaji mfukoni, akaliangalia, akalirudisha. Nje mabata wakaanza kupiga kelele.

"Kiunzi hakiguswi," akasema mwishowe.

"Kiunzi chako. Sakafu yangu."

"Nguzo zinabaki wima. Tegemeo linabaki."

"Libaki. Sitaki nyumba iegemee barabara nyingine."

"Na watu wakiuliza, ardhi ya mabata ilikuwa laini, sakafu ikashuka yenyewe. Percy Kerridge hahusiki."

"Nitaapa mbele ya kasisi."

"Na bata wawili. Mmoja Mikaeli, mmoja Krismasi."

"Mmoja Mikaeli, na Krismasi maini na shingo."

"Shingo! Nipinde sakafu kwa shingo?"

"Na mafuta yake. Ya kuchua kifua chako hicho kinachokohoa."

Wakapeana mikono. Percy alifunga mlango wa chumba na hakumruhusu mtu aingie. Alipong'oa ubao wa pili karibu na dirisha, akaikuta subana, imelala kwenye vumbi chini ya pengo, mbali kabisa na kona. Akamletea. Thirza akaivaa kidoleni, akaendelea kushona mto wake.

Sikukuu ya Mikaeli Bwana Inskip alifika asubuhi, karatasi mkononi. Olive alikuwapo, kwa sababu Olive alikuwapo kila palipokuwa na karatasi. Percy alikuwapo kuja kuchukua bata wake. Wote wakapanda juu. Kitanda kilikuwa kimelala sawa juu ya miguu aliyoikata Alf. Kabati la sahani, lililopandishwa huko pamoja na saa, lilikuwa limetulia. Saa ilikuwa inatembea.

"Mungu wangu," Olive akasema, akishika fremu ya mlango. "Imelala tena!"

"Ardhi ya mabata ni laini," Thirza akasema.

Percy alitazama dari.

Thirza alitoa kibiringo cha uzi kwenye mfuko wa aproni, akakiweka sakafuni karibu na mlango, akakiachia. Kilisita. Kikajigeuza kidogo, kama kinachojiuliza, kisha kikashika njia. Kilipita chini ya kitanda, kikatokea upande wa pili, kikaongeza mwendo, kikafika kwenye nguzo ya mashariki. Tok.

Thirza alikaa kitandani.

"Bwana Inskip," akasema, "ile nyumba sitaichukua. Nakushukuru kuniwekea."

"Basi nitaipeleka kwa mwingine kwenye orodha," alisema Bwana Inskip, akitabasamu kama mtu aliyejua jibu tangu alipokuwa akikanyaga udongo.

"Huyo mwingine ukuta wake unatoa jasho?"

"Samahani?"

"Wa Olive unatoa. Weka mkono uone. Na usiku anakwenda chooni na koti la maiti."

"Thirza!" Olive akapiga kelele, uso ukamwiva. Kisha akaikamata aproni yake kwa mikono miwili.

"Siwezi kuahidi," Bwana Inskip akasema polepole. "Lakini ukuta wenye jasho ni sababu. Nitaliandika jina lake liwe la kwanza."

Thirza aliinuka, akaenda hadi kwenye kona akishuka na sakafu, mwili umejiachia, bila kujigonga popote. Akaokota kibiringo.

"Ila Jumamosi, Olive, mimi nakuja kuoga kwako. Kila Jumamosi. Maji ya moto mpaka shingoni."

Olive akaiachia aproni. "Kila Jumamosi! Utayamaliza maji yote, mwanamke wewe!"

"Mayai nakuja nayo."

"Na sabuni."

"Sabuni yako. Nyumba nimekupa mimi."

"Halmashauri ndiyo imenipa!"

"Bado haijakupa," Thirza akasema, akashuka ngazi mbele yao, akiinua mguu sawasawa kwenye kila kidato, kwenda kumkamatia Percy bata. Alimchagua mdogo kidogo.